Tawi la Reli Juu ya Meza: Mfano wa Njia ya Moshi hadi Arusha

Watoto wa nchi yetu wana ufundi wa siku nyingi wa kuunda magari kwa makopo, nyaya na vipande vya kandambili zilizochakaa. Magari hayo hupinda kona, hubeba mchanga, na mengine huwa na usukani mrefu wa kushikia mtu akiwa amesimama. Hata hivyo, anayeunda gari la kopo hahitaji kujua uzito wa gari la kweli wala upana wa barabara yake. Akisharidhika na sura, kazi yake imekwisha. Mfano wa kisayansi huanzia pale sura inapokoma. Mfano huo hujengwa kwa vipimo, na kila kipimo huleta swali: kitu hiki katika dunia ya kweli kina ukubwa gani, kimewekwa hapo kwa kazi gani, na je, kikipunguzwa kitaweza kuendelea na kazi hiyo?

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga na kujenga mfano wa tawi la reli. Tutatumia njia halisi, yaani ile inayotoka Moshi hadi Arusha, na tutaona kwamba meza moja ya mbao inaweza kumfundisha mwanafunzi hesabu, fizikia na uchumi wa usafirishaji kwa pamoja.

Kwa nini tawi?

Reli kuu yenye urefu wa kilomita elfu na zaidi haiwezi kuwekwa juu ya meza, wala haieleweki kwa mtazamo mmoja. Tawi lina mwanzo na mwisho. Lina njia moja tu, na kwa kawaida treni chache kwa siku. Lakini ndani ya udogo huo mna kazi zote za reli: kupokea treni, kushusha abiria, kupakua na kupakia mizigo, kupishanisha treni mbili, kuhamisha injini kutoka mbele ya mabehewa hadi nyuma, na kulinda njia ili treni mbili zisikutane ana kwa ana. Tawi kwa reli ni kama kijiji kwa nchi: anayekielewa kijiji barabara ameshika ufunguo wa mengi.

Ufundi huu ulikulia Ulaya. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni za kuchezea zilizofuata upana maalumu wa njia, hivyo mnunuzi aliweza kuongeza reli na mabehewa kidogo kidogo. Huko Uingereza, watu wengi waliokaa katika nyumba ndogo waliona kwamba stesheni kuu za miji haziwatoshi chumbani, wakachagua matawi ya mashambani. Kisha mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya Richard Beeching iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na njia zenye urefu wa kilomita 8,000 hivi. Matawi mengi yaling'olewa. Kuanzia hapo mfano wa tawi ukapata kazi ya pili, nayo ni kutunza kumbukumbu ya kitu ambacho hakipo tena. Katika makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, mtu aliyetoka Australia, nyumba na reli za bonde moja la Uingereza zimejengwa upya kwa kipimo cha 1:76, kila nyumba ikiwa imepimwa kutoka nyumba ya kweli.

Vyuo vikuu navyo havikuudharau ufundi huu. Katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, Marekani, chama cha wanafunzi wa reli za mfano kilichoanzishwa mwaka 1946 kilijenga mitambo ya kuongozea treni kwa kutumia swichi za simu, na baadhi ya wanachama wake wakawa miongoni mwa watangulizi wa sayansi ya kompyuta. Huko Darmstadt na Dresden, Ujerumani, treni ndogo huunganishwa na mitambo halisi ya ishara za reli ili wanafunzi wajifunze kuongoza treni bila kuhatarisha roho za watu.

Njia yenyewe

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, na reli ikafika Moshi mwaka 1911, kilomita zipatazo 352 kutoka baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijenga njia kutoka Voi kuelekea magharibi, na njia hiyo ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Kipande hiki cha mwisho, chenye urefu wa kilomita 86 hivi, ndicho tunachokiita tawi katika makala haya. Ni kweli kwamba ukitazama ramani utakiona kama mkia wa reli ya Tanga. Lakini kwa uendeshaji kina sifa zote za tawi: njia moja, na ukomo ambao treni haina pa kwenda zaidi.

Njia hii imewahi kunyamaza. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na miaka iliyofuata ikawa migumu. Hatimaye treni zikaacha kabisa kufika Arusha. Mwaka 2019 treni zilirudi Moshi, na Oktoba 2020 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika tena Arusha. Kwa hiyo msomaji anayetaka kuijenga njia hii juu ya meza anashughulika na kitu kilicho hai, lakini kitu ambacho kizazi kizima kilikua bila kukiona kikifanya kazi.

Kipimo na upana wa njia

Wajenzi wa mifano hutumia mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni kipimo, yaani kitu cha kweli kimegawanywa mara ngapi. La pili ni upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli moja na nyingine. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1:87, na njia yake ya kawaida ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata milimita 1,435, ambao ni upana wa reli nyingi za Ulaya na pia wa reli yetu mpya ya kisasa. Lakini njia ya Arusha ina upana wa milimita 1,000. Gawanya 1,000 kwa 87: jibu ni milimita 11.5.

Njia ya milimita 11.5 si bidhaa ya kawaida madukani, bali ya milimita 12 ipo, kwa sababu Uswisi nayo ina reli za upana wa mita 1, kama ile ya Rhätische Bahn, na watu wengi huziundia mifano. Milimita 12 kwa 87 ni sawa na milimita 1,044. Kosa ni asilimia 4 tu, na jicho halitaligundua. Njia nyingine ni kushika upana wa milimita 16.5, ambao reli zake ni rahisi kupatikana, kisha kubadili kipimo kuwa 1:60. Hapo behewa la mita 13, ambalo kwa 1:87 lina urefu wa sentimita 15, litakuwa na sentimita 22, na meza itahitaji kurefuka kwa kadiri hiyo hiyo. Hakuna uamuzi usio na gharama. Waingereza wenyewe wameishi na kosa kubwa zaidi: kipimo chao cha 1:76 hutumia njia ya milimita 16.5, hivyo treni zao za mfano hupita kwenye njia iliyo nyembamba kwa sentimita 18 kuliko inavyopasa. Sababu ni kwamba zamani mota za umeme hazikuenea ndani ya injini zao ndogo, wakapanua mwili wa injini na kuiacha njia kama ilivyo.

Sisi tutachukua 1:87 na njia ya milimita 12.

Sanaa ya kuacha

Sasa tufanye hesabu inayofuata. Kilomita 86 gawanya kwa 87: jibu ni mita 988. Yaani, ili kuijenga njia yote ya Moshi hadi Arusha kwa kipimo kamili, tungehitaji reli ya karibu kilomita 1, na Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 ungesimama kando ya meza ukiwa na kimo cha mita 68. Mpindo wa njia wenye nusu kipenyo cha mita 200 ungekuwa na nusu kipenyo cha mita 2.3, na kugeuza treni kungehitaji chumba cha mita 5 kwa 5.

Hapa ndipo mpangaji anapopimwa. Mtu asiye na subira atapunguza kila kitu kwa kiasi kile kile, mwisho wake atapata njia ndefu isiyo na kazi, stesheni fupi isiyoweza kupokea treni, na mlima unaofanana na kichuguu. Mpangaji mwenye busara huuliza: ni kitu gani katika tawi hili kikiondolewa, tawi halitakuwa tawi tena? Kilomita 70 za nyika zinaweza kuondoka, maana treni ikiwa njiani haifanyi jambo jingine ila kwenda. Stesheni ya mwisho haiwezi kuondoka, kwa kuwa huko ndiko kazi inakofanyika. Kwa hiyo tunajenga Arusha peke yake, pamoja na kipande kifupi cha njia ya kuingilia. Moshi, Tanga, Dar es Salaam na dunia nzima iliyobaki tunaviweka nyuma ya pazia, katika uwanja mdogo wa njia tatu au nne sambamba ambamo treni hupangwa kwa mkono. Treni ikitoka nyuma ya pazia imetoka Moshi. Ikirudi huko imekwenda Moshi. Mpango huu wa stesheni moja ya mwisho na uwanja uliofichwa ndio umekuwa mama wa mifano mingi ya matawi huko Uingereza.

Na muda nao hubanwa. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, kilomita 86 huchukua saa 2 na dakika 9. Wajenzi hutumia saa iliyofanywa iende mbio mara 10. Treni hukaa nyuma ya pazia dakika 13, ndipo inaruhusiwa kutokea.

Mambo yasiyokubali kupunguzwa

Mnamo mwaka 1638 Galileo alieleza jambo ambalo kila mjenzi wa mifano hukutana nalo. Urefu wa kitu ukigawanywa kwa 87, eneo lake hugawanywa kwa 87 mara 87, na ujazo wake hugawanywa kwa 87 mara 87 mara 87, yaani kwa 658,503. Tuchukue injini kubwa za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambazo zilitengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili kati yake zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Mojawapo inaitwa Mount Shengena, jina la kilele cha Milima ya Pare, ambayo reli ya Tanga inapita chini yake. Injini hizo zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja na zilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Gawanya tani 252 kwa 658,503: jibu ni gramu 383. Mnyama yule wa chuma angelala kiganjani mwa mtoto.

Wepesi huo una matokeo yake. Treni ya kweli iendayo kilomita 60 kwa saa, ikiwa dereva atakata nguvu mahali tambarare na upinzani wa njia ukiwa elfu 3 ya uzito wake, yaani 3 kwa kila 1,000, itaendelea kuserereka kwa karibu kilomita 4.7 kabla ya kusimama. Kwa kipimo cha 1:87 umbali huo ni mita 54. Je, treni ya mfano itaserereka mita 54? Haitafanya hivyo hata kidogo. Mwendo wake ni sentimita 19 kwa sekunde, na umbali wa kuserereka hufuata kipeo cha pili cha mwendo. Hata kama ekseli zake zingekuwa laini kama za treni ya kweli, ingesimama baada ya sentimita 62. Nazo si laini kiasi hicho, hivyo husimama baada ya sentimita chache. Ndiyo maana treni ya kuchezea husimama ghafla kama iliyogonga ukuta. Ili kuponya kasoro hiyo, mafundi huweka ndani ya injini gurudumu dogo zito linalozunguka pamoja na mota na kutunza nishati, au hutumia mitambo ya kielektroniki inayopunguza volti polepole.

Aliyelifafanua jambo hili la mwendo alikuwa William Froude, mhandisi wa Uingereza ambaye kabla ya kushughulika na meli alifanya kazi ya kujenga reli chini ya Brunel. Katika miaka ya 1870, akitumia mifano ya meli katika hodhi la maji karibu na Torquay, alionyesha kwamba ili mawimbi ya mfano yafanane na ya meli ya kweli, mwendo lazima ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha kipimo na si kwa kipimo chenyewe. Kipeuo cha pili cha 87 ni 9.3. Kwa hiyo, jicho linataka treni yetu iende kilomita 0.7 kwa saa, hali nguvu za uvutano zingetaka iende kilomita 6.4. Haiwezekani kuyaridhisha yote mawili. Hili ni fundisho kubwa: hakuna mfano unaofanana na kitu chake kwa kila jambo. Mfano mzuri ni ule ambao mwenye kuujenga anajua umefanana wapi na umeachana wapi.

Kuipanga stesheni

Tutumie mbao tatu, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Mbili za kwanza ni stesheni. Ya tatu ni uwanja uliofichwa. Mbao hizo hupita katika mlango wa kawaida na zaweza kubebwa na watu wawili.

Kabla ya kununua hata reli moja, chora mpango kwenye karatasi kwa ukubwa kamili na uutandike sakafuni. Kata vipande vya boksi vyenye urefu wa sentimita 15 viwe mabehewa, na kimoja cha sentimita 17 kiwe injini. Sasa endesha reli kwa vidole. Treni ya mabehewa 5 inaingia. Ina urefu wa sentimita 75 bila injini. Injini inapaswa kujitenga, isogee mbele kwenye kipande cha njia kisichopungua sentimita 20, ivuke pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ipite kando ya mabehewa yake kwenye njia ya pili, ivuke pointi nyingine na kujiunga nyuma. Kila pointi ni sentimita 20 hivi. Jumlisha: 20, 20, 75 na nafasi ya kupumulia 15, kisha 20 nyingine. Ni sentimita 150. Zinabaki 90 kwa njia ya kuingilia na pointi za bohari la mizigo.

Jaribu sasa kuongeza behewa la 6. Njia za kando bado zina nafasi, injini ina nguvu, abiria na mizigo vipo, lakini injini haiwezi kuzunguka; behewa la mwisho limeziba pointi. Sentimita 15 za njia ya kupishania zimeamua ukubwa wa treni zote za tawi zima.

Katika reli ya kweli mambo ni yale yale. Tuseme kuna kipande cha njia moja kati ya stesheni mbili ambacho treni hukipita kwa dakika 50, na dakika 10 hutumika kupokea treni na kuruhusu nyingine. Kila treni imeshika kipande hicho kwa dakika 60. Kwa siku zitapita treni 24, yaani 12 kila upande, hata kama stesheni nyingine zote zina nafasi ya kupokea mara mbili yake. Ukijenga njia ya kupishania katikati, kila nusu itachukua dakika 25 na 10, jumla 35, na kwa siku zitapita treni 41. Hakuna reli mpya ya kilomita nyingi iliyotandikwa; ni mita mia chache tu katikati ya nyika. Jambo hili wanafunzi wakielezwa kwa maneno hulisahau. Wakiliona kwa vipande vya boksi sakafuni, hawalisahau.

Ujenzi

Fremu hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizokauka vizuri, na juu yake plaiwudi ya milimita 9. Mbao mbichi itapinda na kuharibu kazi yote. Gurudumu la treni ya kweli lina ukingo wa milimita 28 unaolizuia lisitoke nje ya reli. Kwa 1:87 ukingo huo ni milimita 0.3, unene wa karatasi chache. Ingawa watengenezaji huuongeza kidogo, bado meza yenye kibonde cha milimita 1 kwenye maungio inatosha kuangusha treni. Acha pia mwanya wa nusu milimita kwenye maungio ya reli, kwani chuma hutanuka kwa joto.

Mataruma yasichorwe kama ya mbao kwa mazoea ya picha za Ulaya. Reli zetu za upana wa mita 1 zimetumia sana mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi. Yapakwe rangi ya kutu. Umeme unaotumika ni wa volti 12, nao hupitishwa katika reli zenyewe, moja ikiwa chanya na nyingine hasi; kwa hiyo mota, magurudumu na pointi lazima vipangwe ili reli hizo mbili zisigusane na kuleta shoti. Umeme wa ukutani usiletwe kamwe mezani. Tumia transfoma iliyofungwa vizuri, au betri.

Mandhari haihitaji vitu vya kuagiza ng'ambo. Vilima hutengenezwa kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa muhogo na kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Unga wa mbao uliochekechwa na kutiwa rangi ni udongo na majani. Dodoki lililokaushwa hukatwa likawa vichaka. Nyuzi za mkonge zilizokatwa vipande vya milimita 4 na kuchovywa katika rangi ya njano ni nyasi za kiangazi, na ni haki kabisa kwamba mkonge upate nafasi katika mfano wa reli iliyobeba mkonge mwingi kiasi hicho hadi bandari ya Tanga.

Kuiendesha

Reli ya mfano inayozungusha treni bila sababu huchosha baada ya nusu saa. Treni lazima iwe na shughuli. Andika kadi kwa kila behewa: hili limeleta saruji kutoka Tanga, hili mbolea, lile mafuta, hili litarudi na kahawa, lile na maharage. Mchezaji anapewa mabehewa 8 yaliyochanganyika, na anaagizwa aunde treni ya mabehewa 5 kwa mpangilio uliotajwa. Mwingereza Alan Wright aliunda mchezo wa namna hii wenye njia tatu fupi tu. Idadi ya mipangilio inayowezekana ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720. Pointi mbili na mabehewa 8 vinatosha kumshughulisha mtu kwa miaka.

Shuleni, wagawe wanafunzi katika makundi mawili, moja Moshi na jingine Arusha, na pazia kati yao. Wasiruhusiwe kusemezana isipokuwa kwa kengele. Uwepo mti mmoja mfupi, uitwe kijiti cha idhini. Asiye nacho mkononi haruhusiwi kupeleka treni njiani. Kwa kuwa kijiti ni kimoja, haiwezekani treni mbili zikawa njiani kwa pamoja. Kanuni hii nyepesi ilibuniwa katika karne ya 19 na imeokoa maisha ya watu wengi. Mwanafunzi atakayelalamika kwamba kijiti kiko upande wa pili na treni yake inachelewa, mwalimu amwulize: je, ungependa kuwa abiria wa treni iliyoondoka bila kijiti?

Faida yake kwetu

Yupo atakayesema kwamba hii ni starehe ya nchi tajiri. Injini iliyotengenezwa kiwandani ina bei, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya elimu tuliyoieleza imo katika karatasi, vipande vya boksi, kengele na kijiti, na hivyo hakuna shule isiyoweza kuvipata. Anayeanzia hapo na kuishia hapo atakuwa amepata zaidi kuliko aliyenunua treni ya gharama na kuizungusha.

Kuna faida nyingine ambayo haina budi kutajwa. Mfano wa kweli hauwezi kujengwa bila mtu kwenda kupima. Urefu wa jukwaa, idadi ya njia za pembeni, bohari lilikuwa upande gani, maji ya injini za mvuke yalitoka wapi: mambo haya hayamo katika ramani za kawaida, na mengi yamo vichwani mwa wazee waliofanya kazi reli. Wanafunzi wapewe daftari na futi ya utepe, waombe kibali cha Shirika la Reli kabla ya kuingia eneo lake, wapime, na wawahoji wazee hao wangali nasi. Stesheni ikikarabatiwa, vipimo hivyo vitaonyesha ilivyokuwa. Ikiachwa tena, navyo vitabaki.

Katika ramani, tawi la reli ni mstari mwembamba wenye vistari vya kukata, na ni rahisi kwa kalamu kuufuta. Aliyewahi kuhangaika na behewa la 6 lililoziba pointi huuona mstari huo kwa namna nyingine. Kabla ya kusema tawi halina faida, atauliza njia yake ya kupishania ina urefu gani, kipande kirefu kuliko vyote kinachukua dakika ngapi, na ni mita ngapi za reli zingetosha kulifungua. Taifa linalojenga reli mpya na kufufua za zamani linawahitaji watu wengi wenye mazoea ya kuuliza maswali hayo, na mazoea hayo yanaweza kuanza sakafuni mwa darasa.